Usipoziba ufa utajenga ukuta? Somo la nondo na zege kutoka Kiembe Samaki

ANAYETOKA Mji Mkongwe wa Zanzibar kuelekea Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Abeid Amani Karume hupita Kiembe Samaki, eneo la Wilaya ya Magharibi B lililo kilomita chache tu kusini mwa mji. Ni njia ambayo kila mgeni anayeingia Unguja kwa ndege huipita, na ni njia inayoonesha vizuri kuliko nyingine jinsi kisiwa kinavyojengwa upya.

Nyumba za ghorofa zinaongezeka kandokando ya barabara. Juu ya paa za zege za nyumba nyingine, nondo zimeachwa zikichomoza kuelekea angani, ishara kwamba mwenye nyumba anakusudia kupandisha ghorofa nyingine pindi Mungu atakapomjaalia fedha.

Nondo hizo zimebeba matumaini ya familia nzima. Lakini zimebeba pia swali ambalo ni nadra kuulizwa barazani: nguzo za chini, zilizomwagwa zege miaka mingi iliyopita na kufunikwa kwa lipu na rangi, ziliandaliwa kubeba ghorofa ngapi? Na ni nani leo anayeweza kuthibitisha kilichomo ndani yake?

Swali hili si la Kiembe Samaki peke yake. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar, kutoka watu 1,303,569 mwaka 2012, na karibu nusu yao wanaishi Mkoa wa Mjini Magharibi. Watu wanaongezeka, lakini ardhi ya kisiwa ni ile ile. Hivyo ni dhahiri kuwa wengi watalazimika kujenga kwenda juu, na kila anayejenga kwenda juu anaingia katika mkataba na sheria za maumbile ambazo hazina rufaa.

Historia ya karibuni ya ukanda huu inaonesha gharama ya kuvunja mkataba huo.

Machi 29, 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Aprili 29, 2016, jengo la makazi la eneo la Huruma, Nairobi, lilianguka usiku wakati wa mvua kubwa na watu wapatao 50 walipoteza maisha. Novemba 16, 2024, asubuhi ya Jumamosi, jengo la ghorofa lililojaa maduka Kariakoo liliwaangukia wafanyabiashara na wateja wao, na zaidi ya watu 20 walifariki dunia.

Zanzibar nayo haikunusurika. Desemba 25, 2020, sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jengo lililokuwa alama ya Mji Mkongwe tangu mwaka 1883, liliporomoka likiwa katika ukarabati. Watu wawili walikufa.

Baada ya kila tukio, mjadala hufuata njia moja. Viongozi hufika eneo la tukio, timu huundwa, na wananchi huuliza nani alitoa kibali na nani alikula rushwa. Kufuatia tukio la Kariakoo, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliunda timu ya kukagua majengo ya eneo hilo. Maswali hayo ni ya haki na yanapaswa kujibiwa. Hata hivyo, lipo swali jingine ambalo huzikwa pamoja na kifusi: vitu vigumu kama chuma na zege huvunjikaje, na je, havitoi taarifa kabla ya kuvunjika?

Jibu la sayansi ni kwamba vingine hutoa taarifa na vingine havitoi. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayotenganisha jengo linalowapa watu nafasi ya kutoka na jengo linalowazika.

Msingi wa jambo hili unafahamika hata kwa mtoto mwenye manati. Akiuvuta mpira kidogo unarefuka kidogo, akiuvuta zaidi unarefuka zaidi, na akiuachia unarudi ulivyokuwa. Mwanasayansi wa Uingereza, Robert Hooke, alichapisha kanuni hiyo mwaka 1678: kurefuka kwa kitu huenda sambamba na nguvu inayokivuta.

Kinachowashangaza wengi ni kwamba chuma nacho hufanya hivyo hivyo, ingawa kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Nondo iliyomo ndani ya bimu hurefuka kila familia inapokusanyika sebuleni kwa ajili ya shughuli, na hurudi wageni wanapoondoka. Hakuna jengo lisilosogea. Lililo salama ni lile linalosogea kidogo na kurudi mahali pake.

Lakini kila kitu kina kikomo. Nondo ya milimita 12 ya daraja la juu inayotumika katika ujenzi wa ghorofa inaweza kuvutwa kwa uzito wa tani tano na zaidi kidogo kabla ya kufika kikomo chake. Wakati huo kila mita moja ya nondo huwa imerefuka kwa zaidi kidogo ya milimita mbili. Mzigo ukiondolewa hapo, nondo hurudi katika urefu wake wa awali.

Mzigo ukizidi kikomo hicho, chuma hakikatiki mara moja. Huanza kusalimu amri. Huendelea kurefuka bila kurudi nyuma, na nondo iliyo bora inaweza kurefuka kwa sentimita tano au zaidi katika kila mita kabla ya kukatika. Hiyo ni zaidi ya mara 20 ya kile ilichorefuka hadi kufika kikomo. Aliyewahi kukunja waya wa chuma ukabaki umekunjika ameishaiona hali hiyo kwa macho yake.

Kwa mhandisi, safari hiyo ndefu kati ya kusalimu amri na kukatika ni rehema. Katika kipindi hicho bimu hupinda kwa namna inayoonekana, nyufa hufunguka upande wa chini, milango hukwama na vigae vya sakafu huachana. Jengo linakuwa linapiga kelele, na aliye ndani ana muda wa kutoka.

Zege halina rehema hiyo. Zege zuri la kawaida huweza kuhimili mgandamizo wa takriban kilo 250 katika kila sentimita moja ya mraba, lakini likivutwa badala ya kugandamizwa, uwezo wake hushuka hadi takriban moja ya kumi tu ya hapo. Zaidi ya hayo, likifika mwisho wake halirefuki wala halikunjiki. Hupasuka.

Ndiyo maana nondo na zege vikaozeshwa. Zege hubeba mgandamizo na nondo hubeba mvuto, na ndoa yao hudumu kwa kuwa vyote viwili hutanuka kwa joto kwa kiasi kinachokaribiana. Laiti kimoja kingetanuka mno kuliko kingine, jua la Unguja lingekwishavitenganisha.

Hapa ndipo penye siri ambayo wajenzi wengi wa mitaani hawaijui. Mhandisi anapopiga hesabu za bimu, hatafuti nguvu pekee. Anataka pia nondo isalimu amri kabla ya zege kupasuka, ili jengo likizidiwa litoe onyo. Imani kwamba kurundika nondo nyingi kunatosha kuliweka jengo katika usalama si sahihi. Bimu yenye nondo nyingi kupita kiasi ndani ya zege hafifu inaweza kuonekana imara, kisha zege likapasuka kwanza, ghafla, wakati nondo bado haijafika kikomo chake.

Nguzo ni hatari zaidi. Bimu ikipinda watu huiona, lakini nguzo iliyozidiwa mzigo huonesha dalili chache, na ikiondoka huondoka na kila kilichokaa juu yake. Ndiyo sababu kuongeza ghorofa kiholela ni kosa kubwa kuliko makosa mengi mengine.

Hesabu yake si ngumu. Zege lina uzito wa takriban kilo 2,400 kwa kila mita ya ujazo. Slabu yenye unene wa sentimita 15 ina uzito wa kilo 360 kwa kila mita moja ya mraba. Nguzo moja inayobeba eneo la mita nne kwa mita nne hupokea karibu tani sita kutoka kwenye slabu moja pekee, kabla ya kuhesabu kuta za matofali, samani na watu. Tangi la maji la lita 1,000 likiwekwa juu ya paa huongeza tani nyingine nzima.

Hivyo mwenye nyumba wa Kiembe Samaki, au wa mahali pengine popote, anayeamua kuongeza ghorofa mbili ambazo hazikuwa katika mchoro wa awali, anaiongezea kila nguzo ya katikati karibu tani 12 za slabu tu. Nguzo hiyo haitalalamika. Itafupika kidogo, kwa kiasi kisichoonekana, na kuendelea kusimama. Kusimama kwake leo hakuthibitishi kuwa itasimama kesho.

Tatizo jingine ni kwamba nguvu iliyoandikwa kwenye mchoro si lazima iwe ndiyo iliyomo ukutani. Nguvu hiyo hupotea kidogo kidogo, mara nyingi bila mtu yeyote kukusudia ubaya.

Chukua nondo inayouzwa kama ya milimita 12 ilhali kipimo chake halisi ni milimita 11. Kwa macho tofauti haionekani. Kwa hesabu, nondo hiyo imepoteza asilimia 16 ya chuma chake, sawa na takriban kilo 850 za uwezo wa kuvutwa. Bimu yenye nondo nne za namna hiyo imepoteza zaidi ya tani tatu, na mnunuzi amelipa bei kamili.

Chukua maji. Mfuko wa saruji wa kilo 50 huhitaji takriban lita 25 za maji kutengeneza zege zuri. Fundi anayeongeza lita 10 ili zege liwe laini na lichoteke kwa urahisi anaweza kupunguza nguvu yake kwa theluthi moja au zaidi. Maji yaliyozidi hukauka na kuacha vitundu vidogo ndani ya zege, na vitundu hivyo havirudi kuzibika.

Chukua pia muda. Zege la kawaida hupimwa nguvu yake likiwa na siku 28. Likiwa na siku saba huwa limefika takriban theluthi mbili tu ya nguvu hiyo, tena ikiwa limemwagiliwa maji ipasavyo. Anayeng'oa miti ya kuegemezea slabu mapema, kwa sababu tu anaihitaji katika kazi nyingine, anaitwisha slabu mzigo wa utu uzima ingali changa.

Kisha kuna chumvi. Zanzibar ni kisiwa, na mchanga wa ujenzi umekuwa bidhaa adimu. Mchanga wa pwani usiosafishwa huingiza chumvi ndani ya zege, na upepo wa bahari huongeza nyingine kutoka nje. Chumvi ikifika kwenye nondo, kutu huanza. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilicholiwa, hivyo hulisukuma zege kutoka ndani hadi linapasuka na kumeguka. Nyufa zinazofuata mstari wa nondo, zikiambatana na madoa ya rangi ya kahawia, ni ushahidi kuwa ugonjwa umeshafika mfupani.

Wazee waliojenga Mji Mkongwe hawakuwa na nondo wala maabara, lakini waliyajua mapungufu ya vifaa vyao. Walijenga kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, vitu vinavyostahimili mgandamizo, na wakaezeka dari kwa boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti hazina urefu mkubwa, vyumba vya Mji Mkongwe vilibaki vyembamba, vingi vikiwa na upana wa takriban mita tatu. Kifaa ndicho kilichoamua umbo la nyumba.

Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Sultani Barghash bin Said, ilivuka mpaka huo. Ilitumia nguzo za chuma cha kusubu kubeba roshani zake pana na bimu za chuma ndani yake, pamoja na matumbawe na boriti za jadi. Kwa mwaka 1883 yalikuwa maajabu kweli, kama jina lake linavyosema. Lakini kuchanganya vifaa vyenye tabia tofauti katika hewa ya chumvi ni deni linalodai matunzo kila mwaka. Sehemu ya jengo hilo ilikuwa imekwishaporomoka mwaka 2012, miaka minane kabla ya lile anguko kubwa.

Kuna somo jingine katika kuta hizo. Chokaa ni laini. Ukuta ukisogea kidogo, chokaa husogea nao, na unyevu hupata njia ya kutoka. Anayekarabati ukuta wa chokaa kwa lipu ya saruji huuvalisha vazi gumu lisilopumua. Unyevu hunaswa ndani, na lipu hubaki ikimeremeta huku ukuta ukioza nyuma yake.

Jambo hilo linaturudisha kwenye methali ambayo kila Mswahili ameisikia tangu utotoni: usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo ni ya kweli, lakini imekuwa ikitafsiriwa kwa namna inayoweza kuleta maafa. Wengi huona ufa kama uchafu wa kuondolewa, hivyo huita fundi, huziba, hupaka rangi na kusahau. Kumbe ufa ni shahidi. Kuuziba bila kuuhoji ni kumnyamazisha.

Si kila ufa ni hatari. Nyufa nyembamba kama unywele zilizosambaa kwenye lipu mara nyingi zimetokana na lipu kukauka, na haziashirii jambo kubwa. Ufa unaopaswa kumnyima mtu usingizi ni ule unaokata nguzo au bimu, ule unaopanda kwa mshazari kutoka pembe ya mlango au dirisha na kupanuka upande mmoja, na zaidi ya yote ule unaokua.

Kujua kama ufa unakua hakuhitaji mtambo. Inatosha kuweka alama kwa penseli kwenye ncha zake, kuandika tarehe, na kubandika kipande chembamba cha kioo kwa saruji juu yake. Kioo kikivunjika, ukuta umesogea. Hapo anayehitajika ni mhandisi, si mpaka rangi.

Dunia imekwishaonja gharama ya kudharau shahidi huyo. Aprili 23, 2013, siku 25 tu baada ya anguko la Mtaa wa Indira Gandhi, nyufa kubwa zilionekana katika jengo la Rana Plaza nchini Bangladesh, ambalo ghorofa zake za juu zilikuwa zimeongezwa bila kibali. Benki na maduka ya chini yalifungwa. Wafanyakazi wa viwanda vya nguo vilivyokuwa humo walitakiwa kurudi kazini kesho yake asubuhi. Jengo likaanguka, na zaidi ya watu 1,100 wakafa. Jengo hilo lilikuwa limesema. Waliosikia ni wale waliokuwa na uhuru wa kutokwenda.

Kwa mkazi wa Kiembe Samaki, mfano mwingine uko juu ya paa lake. Ndege zinazotua na kuruka karibu naye nazo ni chuma na madini mengine yanayovutwa na kuachiwa katika kila safari. Mwaka 1954, ndege mbili za abiria aina ya Comet zilisambaratika angani karibu na Italia, moja Januari na nyingine Aprili. Wachunguzi wa Uingereza waliutumbukiza mwili wa ndege ya aina hiyo ndani ya tangi kubwa la maji na kuusukuma kwa presha tena na tena, wakiiga safari moja baada ya nyingine, hadi ulipopasuka. Walibaini kuwa madini yalikuwa yamechoka: mzigo ambao kwa siku moja hauna madhara ulianzisha ufa kwenye pembe ya tundu ulipojirudia mara nyingi, na ufa ukakua kimya kimya.

Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilipoanza kutumia Comet mwaka 1960, lilipokea aina mpya iliyorekebishwa kutokana na somo hilo. Leo kila ndege kubwa ya abiria ina daftari la maisha yake. Safari zake zinahesabiwa, nyufa zake zinatafutwa kabla hazijaonekana, na kila kipuri kina kumbukumbu.

Ni kweli kwamba nyumba haichoki kwa namna ya ndege, kwa kuwa mzigo wake haupandi na kushuka kwa kiasi hicho. Lakini tofauti ya uangalizi inastahili kutafakariwa. Abiria anayepita juu ya Kiembe Samaki kwa dakika moja amekaa ndani ya chombo chenye kumbukumbu ya kila kifaa. Mtoto anayelala chini yake kila usiku kwa miaka 20 amelala chini ya slabu ambayo pengine hakuna anayejua ina nondo za ukubwa gani.

Wapo wanaosema kuwa hoja za namna hii ni za matajiri. Wanaeleza kuwa Mzanzibari wa kawaida hujenga kidogo kidogo kwa akiba yake, mwaka huu msingi, mwaka kesho kuta, na baadaye slabu ikiwa ndugu aliye ughaibuni atatuma chochote. Kumwambia aajiri mhandisi katika kila hatua ni kumwambia asijenge.

Hoja hiyo ina uzito, na sheria yoyote isiyoizingatia itabaki kwenye makaratasi. Lakini haigusi mambo yenye gharama ndogo. Kupima unene wa nondo kabla ya kulipa kunahitaji kifaa kinachoshikika mkononi. Kupunguza maji katika zege ni bure. Kusubiri kabla ya kung'oa miti ya kuegemezea kunahitaji subira tu. Kupiga picha nondo zote zikiwa zimefungwa, kabla ya zege kumwagwa, kunawezekana kwa simu ambayo fundi tayari anayo mfukoni.

Picha hizo zinaweza kuwa ndilo daftari la nyumba. Miaka kumi baadaye, mwenye nyumba au mrithi wake akitaka kupandisha ghorofa, mhandisi atakuwa na pa kuanzia badala ya kukisia kwa kugonga ukuta.

Kwa upande wa mamlaka, hatua yenye faida kubwa kuliko zote ni ukaguzi unaofanyika siku moja kabla ya zege kumwagwa. Kibali kinachotolewa ofisini hukagua mchoro, na mchoro haujawahi kumwangukia mtu. Baada ya zege kumwagwa, ukaguzi huwa wa gharama kubwa na wa kubahatisha. Kuna saa chache tu katika maisha ya jengo ambazo ukweli wake wote uko wazi machoni, nondo kwa nondo na ringi kwa ringi. Mkaguzi akizikosa saa hizo, amelikosa jengo.

Taasisi ya Viwango Zanzibar, iliyoanzishwa chini ya sheria ya mwaka 2011, nayo ina nafasi yake. Nondo nyembamba haizaliwi kwenye eneo la ujenzi. Hupitia bandarini na dukani kwanza. Kumkamata mnunuzi maskini baada ya nyumba yake kuanguka ni kumwadhibu aliyeibiwa.

Aidha, sauti ya mpangaji inapaswa kusikika. Waliokufa Kariakoo hawakuchanganya zege lile wala kuchagua nondo zake. Walikuwa kazini, na wengine wamefika kununua bidhaa. Mtu aliyepanga chumba au fremu ya duka anapoona ufa unaokua katika nguzo, anahitaji mahali pa kwenda kutoa taarifa bila kuogopa kwamba kesho atatolewa vitu nje. Bila hivyo, kila mpangaji atabaki kama mfanyakazi wa Rana Plaza, anaona lakini hana uwezo wa kukataa.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Nyumba nayo hurekebishika ingali mchoro, na bado hurekebishika nondo zikiwa wazi. Zege likishakauka, kilichobaki ni kuusikiliza ufa na kuwa tayari kutii unachosema.

Nondo zinazochomoza juu ya paa za Kiembe Samaki bado zinasubiri. Baadhi yake zitabeba ghorofa mpya zitakazodumu vizazi na vizazi. Kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji kupandishwa juu, familia hizo zinastahili jibu la swali moja: nguzo ya chini inajua kwamba mzigo huu unakuja?